Mizani ya Mchaguzi

Sokoni mtu hanunui mchele kwa sauti ya mwuzaji. Huutwaa mchele kiganjani, akautazama rangi, akatafuna punje mbili tatu, akauliza bei, kisha akaenda kwa mwuzaji wa pili akafanya vivyo hivyo. Akisha kuridhika, hutaka upimwe kwa mizani mbele ya macho yake. Hakuna amwitaye mtu huyu mgomvi; kila mmoja humwita mwangalifu. Lakini mtu huyu huyu, ikija siku ya kumchagua rais wa nchi, aghalabu huiacha mizani nyumbani. Humchagua aliyepaza sauti zaidi, au aliyezaliwa karibu na kwao, au aliyempa fulana na noti ya shilingi 200. Kilo moja ya mchele huipima. Miaka mitano ya maisha ya watu zaidi ya milioni 50 haipimi.

Msomaji, swali la insha hii ni dogo kwa maneno, lakini ni zito kwa maana. Watu wawili wanapoutaka uongozi mkuu wa nchi, na kila mmoja akatoa rai yake juu ya elimu, matibabu, makao na hali ya maskini, mtu mwadilifu awapime kwa kipimo gani? Nimesema mtu mwadilifu. Sikusema mtu mwerevu. Mwerevu hutafuta mgombea atakayemfaa yeye. Mwadilifu hana budi kuuliza zaidi ya hapo.

Kwanza na tukijue kitu kinachopimwa. Katiba ya Kenya, ambayo wananchi waliikubali kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya afya, makao yanayofaa, chakula cha kutosha, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Kwa hiyo mgombea asemaye, "Nitawapeni matibabu," hatoi zawadi kutoka mfukoni mwake. Anakiri deni ambalo nchi imekwisha kujiandikia. Ndiyo maana wagombea wengi, wakihutubia juu ya mambo haya, hufanana kama mapacha. Wote huelekea mji mmoja. Watofautianapo ni katika njia watakayopita, nauli itakayolipwa, na abiria atakayepandishwa kwanza. Mchaguzi akiyasahau mambo haya matatu, hatakuwa na cha kulinganisha isipokuwa sura na sauti.

Na tutwae mfano ulio karibu. Tarehe 9 Agosti 2022 Wakenya walipiga kura wakiwa na wagombea wanne wa urais. Wawili walikuwa na wafuasi wengi mno. William Ruto wa Kenya Kwanza alikuwa Naibu wa Rais. Raila Odinga wa Azimio la Umoja, ambaye alifariki dunia tarehe 15 Oktoba 2025, alikuwa amepata kuwa Waziri Mkuu toka mwaka 2008 mpaka 2013. Kila mmoja alitoa ilani iliyoandikwa na kuchapishwa, nayo ni sifa njema kwao wote wawili, kwa kuwa neno lililoandikwa ni shahidi asiyesahau.

Ilani ya Odinga iliahidi kwamba familia 2,000,000 zenye dhiki zitapewa shilingi 6,000 kila mwezi. Iliahidi matibabu kwa wote kwa mpango ulioitwa Baba Care, na elimu bila ada kutoka chekechea mpaka chuo kikuu. Ilani ya Ruto ilisema kwamba uchumi ujengwe kutoka chini kwenda juu. Iliahidi shilingi bilioni 50 kila mwaka ziwe mikopo nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, nyumba mpya 250,000 kila mwaka, kurekebishwa kwa bima ya afya ili imfikie kila mtu, na kuzibwa kwa upungufu wa walimu 116,000. Juu ya wanawake, Odinga alimteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake. Ruto naye aliahidi kwamba nusu ya mawaziri wake watakuwa wanawake.

Sasa itazame ahadi moja ya kila upande uone jinsi ilivyo shida kupima kwa haki. Mmoja alisema, "Maskini apewe." Mwingine alisema, "Maskini akopeshwe." Fikiri juu ya nyumba mbili zilizo katika mtaa mmoja. Katika nyumba ya kwanza anakaa mwanamke kijana auzaye mboga. Ana nguvu, ana wateja, ila hana mtaji. Kila asubuhi hukopa kwa mtu anayemtoza riba ya kumchuna ngozi. Katika nyumba ya pili anakaa bibi kizee aleaye wajukuu watatu walioachwa na wazazi wao. Hana nguvu ya kuuza kitu, wala hana kitu cha kuuza.

Mkopo nafuu ukija mtaani, muuza mboga huinuka. Heshima yake hubaki nzima, kwa kuwa hakuombaomba. Na fedha alizorudisha zaweza kumwinua mwenzake. Lakini wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Biashara ikiharibika, deni halifi pamoja nayo. Tena bibi kizee hapati lolote katika mkopo huo, maana kumkopesha asiye na nguvu ya kulipa ni kumwongezea mzigo mgongoni. Ruzuku ya kila mwezi ikija, bibi hupumua: unga hupatikana, na wajukuu huenda shule wameshiba. Lakini muuza mboga hubaki mikononi mwa mtoza riba, au pengine huandikwa katika orodha ya wenye dhiki kwa upendeleo wa mwandishi wa orodha, na yule mwenye dhiki ya kweli akasahauliwa.

Hapo mchaguzi hana budi kushika kalamu. Shilingi 6,000 mara familia 2,000,000 ni shilingi bilioni 12 kwa mwezi, yaani bilioni 144 kwa mwaka. Nazo zikitolewa hazirudi. Shilingi bilioni 50, zikikopeshwa kwa kiasi cha shilingi 10,000 kwa mtu, huwafikia watu milioni 5. Nazo zaweza kurudi, ikiwa wakopaji watalipa. Hesabu hii haisemi kwamba mkopo ni bora kuliko ruzuku. Yasema tu kwamba kila wema una gharama yake, na kwamba mtu anayesifu wema pasipo kuuliza gharama amesifu nusu ya jambo. Swali la mlipaji lisipoulizwa kabla ya uchaguzi, huulizwa baada yake kwa uchungu. Mwezi wa Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha na kodi zake. Watu walipoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Laiti swali lile la nani atalipa lingalisumbua vichwa vya watu wakati wa kampeni kama lilivyosumbua baadaye!

Yafaa pia tujihadhari na dhuluma moja ambayo walinganishaji huifanya bila kujua, nayo ni kumgeuza mgombea kuwa neno moja. Si kweli kwamba aliyezungumza juu ya ruzuku hakuwajali wafanyabiashara, wala kwamba aliyezungumza juu ya mikopo aliwaacha wazee wafe njaa. Mpango wa serikali wa kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi ulikuwako kabla ya uchaguzi ule. Kwa hiyo swali la haki halikuwa, "Nani anawapenda maskini?" Lilikuwa, "Kila mmoja ameweka uzito mkubwa wapi, na nani anabaki nje ya uzito huo?"

Utaniuliza: basi kati ya nyumba zile mbili nichague kwa ajili ya ipi? Mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alitoa kipimo kinachofaa kukumbukwa. Jifanye hujui utazaliwa nani katika nchi hii. Hujui kama utakuwa muuza mboga au bibi kizee, mwalimu mwenye mshahara au mtoto wa kurandaranda, mzima au kiwete, wa bara au wa pwani. Katika kutojua huko, ungependa nchi iendeshwe kwa mpango upi? Kipimo hiki hakikupi jina la mgombea. Watu wawili waadilifu waweza kukitumia wakafika mahali mbalimbali, mmoja akaamini kwamba mkopo utazaa kazi nyingi hata wazee wafaidi, mwingine akaamini kwamba njaa ya leo haingoji faida ya kesho. Lakini hakuna hata mmoja kati yao atakayefika huko akiwa amemsahau bibi. Hiyo ndiyo tofauti ya mchaguzi mwadilifu na mchaguzi mwerevu.

Wako wanaosema kwamba kazi yote hii ni bure, kwa sababu wagombea ni waongo, na ahadi zao ni upepo. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuipuuza. Na tuitazame historia ya jambo ambalo wewe mwanafunzi unalijua: karo. Mwaka 1974 serikali ya Rais Jomo Kenyatta iliondoa ada katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Mwaka 1979, chini ya Rais Daniel arap Moi, ada nyingine ziliondolewa, na watoto wakaanza kupewa maziwa shuleni. Lakini ada iliyotolewa mlangoni ilirudi kwa dirishani kwa jina la mchango wa ujenzi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 siasa ya kuchangia gharama iliurudisha mzigo mabegani mwa wazazi. Mwenye hoja yetu angalikomea hapo, angalishinda.

Historia lakini haikukoma hapo. Katika uchaguzi wa Desemba 2002 Mwai Kibaki alishinda akiwa ameahidi elimu ya msingi bila malipo, na Januari 2003 milango ilifunguliwa. Watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni waliingia. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alivaa sare akaketi darasa la kwanza mjini Eldoret. Madarasa yalifurika na walimu wakaelemewa; ahadi ilitimizwa kabla ya kuandaliwa vizuri. Baadaye Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ilimfanya kila mtoto kuwa na haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaitia haki hiyo nguvu. Ahadi iliyokuwa neno la mtu ikawa sheria ya nchi.

Mafunzo ya historia hii ni mawili. Kwanza, si kweli kwamba ahadi zote ni uongo. Mtu aliyekataa kuzipima ahadi za mwaka 2002 kwa sababu ya kukata tamaa alikosea juu ya jambo kubwa. Pili, ahadi ambayo msingi wake ni hisani ya kiongozi huondoka na kiongozi, au hata kabla yake. Ahadi iliyoingizwa katika sheria na katika makadirio ya fedha huwa na mizizi. Basi unapowalinganisha wagombea, usiulize tu, "Ameahidi nini?" Uliza pia, "Atatumia sheria ipi, fedha zipi, na watu gani?" Mgombea asiye na jibu pengine si mwongo. Pengine hajafikiri, nako ni kosa lililo karibu na uongo.

Liko jambo jingine ambalo huwadanganya hata watu wenye akili. Aliyeshinda hupimwa kwa matendo. Aliyeshindwa hubaki kupimwa kwa maneno. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930. Kwa hiyo ahadi za Ruto zilishuka duniani zikakutana na vumbi. Mfuko wa mikopo ulizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, na wananchi wakaanza kukopa. Bima mpya ya afya ilianza kazi Oktoba 2024. Lakini katika baraza lake la kwanza mawaziri wanawake hawakufika nusu. Baadhi ya ahadi zilianza kutendwa, baadhi zilipunguka. Ahadi za Odinga hazikupata nafasi ya kutimizwa wala ya kuvunjwa, na kitu kisichotumika hakichakai. Kulinganisha nguo iliyovaliwa na nguo iliyokunjwa sandukuni si haki. Wala si haki kwa mshindi kujitetea akisema kwamba mwenzake angalikuwa mbaya zaidi, maana hilo nalo halikuonekana. Mshindi apimwe kwa maandishi yake mwenyewe.

Mizani haikamiliki kwa sahani moja. Tarehe 26 Julai 2022 uliandaliwa mjadala wa wagombea katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Odinga hakwenda, upande wake ulikuwa umetaka sehemu kubwa ya muda itumike juu ya rushwa na maadili. Ruto alisimama peke yake akajibu maswali. Katika kundi la pili David Mwaure naye alizungumza peke yake, maana George Wajackoyah hakukubali kushindana naye kwa namna ile. Sihukumu ni nani aliyekosa. Nasema tu kwamba usiku ule wananchi walinyimwa jambo ambalo mnunuzi wa mchele hupewa bila kuomba, nalo ni kuyaona mafungu mawili yakiwa kando kwa kando. Wajackoyah alitaka bangi iuzwe nje ili deni la nchi lilipwe, na wiki ya kazi iwe ya siku nne; watu wengi walicheka. Kicheko si kipimo. Rai ya ajabu nayo yastahili maswali yale yale: itamfaa nani, itamdhuru nani, na nani atalipa? Ikianguka, ianguke kwa hoja.

Sasa nije kwa kizuizi kikubwa kuliko vyote. Watu wengi hawapimi kwa sababu wamekwisha kuchagua siku waliyozaliwa. Ukimwuliza mmoja wao rai ya mgombea wake juu ya hospitali, atakutajia kabila. Tunajua mwisho wa njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa katika nyumba zao. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya hoja juu ya karo au dawa. Mahali ambapo watu hushindana juu ya mambo, wanaweza kushindwa leo na kushinda kesho, kwa kuwa rai hubadilika. Mahali wanaposhindana juu ya damu, aliyeshindwa hana tumaini, maana damu haibadiliki. Viongozi wenyewe hulijua hili: tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Odinga, waliokuwa mahasimu, walitia sahihi mapatano ya kushirikiana. Jirani aliyeacha kusalimiana na jirani yake kwa ajili yao aliachwa na uadui usio na mwenyewe.

Msomaji, huenda wewe hujatimiza miaka 18, na sheria haikupi kura. Waweza kudhani kwamba insha hii imeandikiwa wakubwa. Sivyo. Tazama tena mambo yanayobishaniwa: karo, idadi ya walimu, chanjo, maji ya shule, chakula cha nyumbani. Hayo yote yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote, nawe huna sauti ndani ya sanduku la kura. Hapo ndipo ulipo uzito wa maadili katika kupiga kura. Kura si mali ya mpigaji pekee. Ni amana ya wale wasioweza kupiga: mtoto wa darasa la kwanza, mgonjwa aliye kitandani, hata mtoto ambaye hajazaliwa atakayelipa mikopo tunayokopa leo. Anayeiuza amana hiyo kwa shilingi 200 ameuza kitu kisicho chake.

Kwa hiyo, kampeni zitakapoanza tena, fanya kazi uliyosomea. Chukua karatasi, uigawe kwa mistari. Upande mmoja andika elimu, afya, makao, wazee, wanawake. Juu andika majina ya wagombea. Soma ilani zao, ujaze kila chumba kwa maneno yao wenyewe, si kwa maneno ya maadui wao. Chumba kisicho na jibu kiache kitupu. Utupu nao ni habari. Kisha umsomee bibi yako asiyejua kusoma, na mama arudipo kutoka kazini, na baba pia, hata kama amekwisha kufanya shauri lake. Usiwaambie wamchague nani. Hiyo ni haki yao. Waulize swali moja tu kwa adabu: "Mmempimia nani?" Kura itatoka mkononi mwao, lakini shule itakayofunguliwa au kufungwa kwa kura hiyo ni yako.